Mchicha kabla ya kiharusi, si baada yake

Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliwalisha panya kwa wiki 4 chakula kilichochanganywa na bluberi, tunda dogo la buluu (asilimia 2), spinachi, ndugu ya mchicha (asilimia 2) au spirulina, aina ya mwani mdogo (asilimia 0.33). Kisha wakaufunga mshipa mkubwa unaopeleka damu upande mmoja wa ubongo, wakaufungulia baada ya saa moja. Sehemu ya ubongo iliyokufa ilikuwa ndogo kuliko kwa panya waliokula chakula cha kawaida. Wauza vidonge vya lishe wanaipenda habari hii, ila neno "kabla" hulipita haraka.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni, na seli zake zimejaa mafuta yanayochacha upesi. Bonge la damu likiziba mshipa, seli zinakosa oksijeni. Damu ikirudi, oksijeni ile ile huzaa molekuli korofi zinazoyachachisha mafuta hayo. Antioksidanti, viambato vilivyomo kwenye vyakula hivyo, huzizima, mradi ziwe zimeshafika. Dawa ya NXY-059 ilitengenezwa kufanya kazi hiyo ndani ya saa 6 tangu kiharusi kianze. Jaribio la kwanza lilitia moyo mwaka 2006; la pili, lenye wagonjwa zaidi ya 3,000, likaonyesha mwaka uliofuata kwamba haisaidii.

Vidonge navyo havina sifa nzuri. Uingereza, watu zaidi ya 20,000 walifuatiliwa kwa miaka 5. Nusu yao walimeza kila siku vitamini E miligramu 600, vitamini C 250 na beta-karotini (ambayo mwili huigeuza vitamini A) 20. Kiharusi hakikupungua. Uchambuzi wa mwaka 2010 uliojumlisha majaribio kadhaa ya vitamini E ulikuta kiharusi cha kuziba kimepungua kwa asilimia 10, cha kuvuja damu kikaongezeka kwa asilimia 22. Hiki cha pili ndicho huua zaidi, na Afrika kinachukua sehemu kubwa kuliko Ulaya.

Kwa hiyo twende jikoni. Mchicha uoshwe kabla ya kukatwa, upikwe dakika chache kwa maji kidogo, na maji hayo yasimwagwe, maana vitamini C na foleti zimo humo. Kijiko cha mafuta kinatosha. Bila mafuta karotini hainyonywi vizuri. Kinachoharibu zaidi ni magadi: yanaua vitamini C na kuongeza sodiamu inayopandisha presha, na presha ndiyo chanzo kikuu cha kiharusi. Chumvi yote ya siku, pamoja na iliyomo kwenye vidonge vya mchuzi, isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Kisamvu kina sheria yake: kitwangwe na kichemshwe sana, kwa sababu kibichi kina sumu ya sianidi.

Bluberi si lazima. Rangi yake ni anthosianini, nayo ni antioksidanti, na zambarau zinayo tele, zile za kuacha ulimi mweusi. Rozela pia inayo. Katika jaribio la Marekani la mwaka 2010, vikombe 3 vya chai ya rozela kwa siku (mililita 240 kila kimoja, maua makavu gramu 1.25) kwa wiki 6 viliteremsha namba ya juu ya presha kwa takriban alama 7. Ile ya mtaani iliyojaa sukari ni habari nyingine.

Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, usimpe mgonjwa juisi, uji wala aspirini. Huenda hawezi kumeza, na kitu kikiingia mapafuni kinaleta nimonia. Aspirini nayo ni hatari ikiwa damu inavuja, jambo linalojulikana kwa picha ya ubongo tu, kama CT scan. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, basi angalia saa dalili zilipoanza na umwahishe hospitali.

Anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze ghafla kula mboga za majani kwa wingi, wala asiziache ghafla: vitamini K iliyomo hubadilisha nguvu ya dawa. Ale kiasi kile kile kila wiki. Mwenye figo mbovu amuulize daktari kwanza kuhusu potasiamu iliyomo kwenye mboga hizo.