Mstari mmoja

Mwaka 2015 tulikuwa tunakaa Muheza. Mume wangu yuko barabarani na lori, nyumbani nimebaki na mama mkwe na mwanangu wa mwaka na nusu. Muheza ya miaka ile mtoto akichemka watu hawaulizani: ni malaria. Tena masika ndiyo kabisa.

Homa ilimpanda jioni. Nikamvua nguo, nikampa panadoli ya maji, mililita 5 za ile ya 120 mg, nikaivuta kwa bomba la sindano, maana vijiko vya jikoni kila kimoja kina tumbo lake. Mama mkwe akaja na blanketi. "Mtoto anatetemeka, mfunike atoke jasho." Nikamwambia, "Mama, tumwache apate hewa kidogo." Hakunijibu. Akakaa pembeni na blanketi lake mapajani, ananisubiri nisinzie. Sikumlaumu. Alishazika mtoto kwa degedege, enzi za kuaminishwa kwamba mwenye degedege akichomwa sindano hafiki asubuhi.

Usiku joto likashuka, akanyonya vizuri. Alfajiri likarudi, na mama mkwe ndiye aliyegundua: "Mbona anahema kama katoka mbio? Hii inageuka degedege hii. Twende akapewe mseto, dawa ya malaria."

Tukapanda bodaboda na kadi ya kliniki hadi zahanati. Muuguzi akamtoboa kidole, akadondosha damu kwenye kile kipimo kidogo cheupe, akatia matone ya dawa, akakiweka mezani tusubiri. Robo saa nzima mama mkwe amekikodolea macho. Ukatokea mstari mmoja. Tukasubiri wa pili, haukuja.

"Hana malaria, bibi," tabibu akasema. Kijana mdogo, ndevu ndiyo kwanza zinaota.

"Kipimo kimeharibika hicho. Mwandikie mseto, mwanangu, sisi huku ndio wenyeji wa malaria."

Kwa kweli hata mimi niliutaka ule mseto. Miaka yote homa ilikuwa inatibiwa kama malaria, ukitoka bila dawa yake unajiona umefukuzwa. Kijana hakubishana. Akaniambia nimnyonyeshe kwanza, mtoto akilia hesabu haitoki sawa. Alipotulia, akamfunua kifua, akavua saa yake ya mkononi, akaishika karibu na tumbo la mtoto. Dakika nzima hasemi neno, midomo tu inacheza. Nami nikaona nilichokuwa sijakiona usiku kucha: tumbo linapanda na kushuka mbio mbio.

"56," akasema. "Umri huu ikifika 40 ni nyingi. Hii nimonia."

Akatazama kama kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, hakikuwa kinabonyea. Akauliza: anashindwa kunyonya? Anatapika kila anachopewa? Ameshtuka degedege? Amelegea, haamkiki? Kingepatikana kimoja kati ya hivyo, alisema, angetuandikia rufaa ya hospitali ya wilaya papo hapo. Akaandika amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha, asubuhi na jioni kwa siku 5. Dozi ya kwanza tukampa palepale, kwenye kifuniko cha chupa ya maji. Panadoli niendelee nayo akichemka, nisizidishe mara nne kwa siku. Nimnyonyeshe kila anapotaka. Akizidi kuhema au akikataa ziwa nirudi hata usiku, vinginevyo nimrudishe baada ya siku mbili.

Tuliporudi, alihesabu tena kwa saa ileile. Zikawa 34. Akatuagiza vidonge tuvimalize vyote hata kama mtoto anacheza. Alikuwa anacheza kweli, amening'inia kwenye droo ya meza ya tabibu.

Mama mkwe hakutaja mseto. Akamuuliza kijana ni wa ukoo gani na kama ameoa. Akasema ameoa. Njia nzima ya kurudi mama mkwe analalamika: wasichana wa siku hizi wana haraka, wanawamaliza vijana wa maana wangali wabichi.