Siku yangu moja kiwandani, bila mashine hata moja

Saa 12:30 asubuhi. Nafika kabla ya mafundi: kiwanda hiki cha zamani tunakigeuza kuwa jengo la sanaa. Usiku mvua imenyesha, na hakuna mkaguzi wa paa anayeishinda mvua. Nazunguka ukumbi mkubwa na tochi nikitafuta madimbwi. Paa letu ni la meno ya msumeno: kila jino lina kioo upande mmoja na bati upande wa pili. Waliolijenga hawakuwa na habari za urembo. Walitaka mwanga mtulivu, usio na jua kali, umfikie hata mtu aliyesimama kwenye mashine ya katikati. Wachoraji wakiingia humu mara ya kwanza hutazama juu, wakaduwaa. Mimi natazama mifereji iliyo kati ya jino na jino, maana majani huziba huko na maji yakarudi ndani. Leo madimbwi ni mawili. Wiki iliyopita yalikuwa matano.

Saa 2. Kila asubuhi lazima niseme neno lile lile: banda la nyuma asiliguse mtu. Paa lake ni la saruji iliyochanganywa na asbesto. Kijana mmoja, fundi hodari sana, ananiambia, "Bosi, si ni paa tu? Nipe nusu siku." Namweka chini. Likitulia bila kuguswa halina ubaya mkubwa. Ubaya unaanza ukilikata, ukilitoboa au ukilivunja. Nyuzi zake hazionekani kwa macho, barakoa ya kawaida ya vumbi haizizuii, na maradhi yake huja baada ya miongo, wakati saiti yenyewe umeshaisahau. Tunasubiri kikosi chenye kibali, kiliondoe likiwa limeloweshwa, vipande vizima, na kuvifunga kwenye nailoni nzito. Mwezi mzima wa ratiba umeliwa hapo. Sijuti.

Saa 4. Mtaalamu wa sauti amekuja na mfuko wa maputo. Anapasua moja katikati ya ukumbi, kifaa chake kinasikiliza. Sekunde 5 mpaka sauti ife. Kwa kwaya ya taratibu pengine ungevumilia, lakini kwa mtu anayesimulia hadithi kila neno litapanda juu ya lililotangulia, na ngoma zitageuka radi. Tunataka sekunde 1.5.

Tukapiga hesabu palepale juu ya kipande cha mbao. Ukumbi una urefu wa mita 40, upana 18 na wastani wa kimo mita 9, yaani mita za ujazo 6,480. Kushuka kutoka 5 hadi 1.5 kunadai karibu mita za mraba 490 za kitu kinachofyonza sauti yote inayokigusa. Hakuna kitu cha namna hiyo. Kwa vibao vinavyofyonza asilimia 80, tunazungumzia zaidi ya mita za mraba 600, na eneo lote la ukumbi ni 720. Tukivibandika darini, vioo kwaheri. Basi mwanga wote ule tumeulinda wa nini?

Tumesimama hapo muda mrefu, shingo zinauma. Mwishowe mtaalamu anashauri vibao vining'inie wima kati ya meno, sauti iingie pande zote mbili. Idadi inapungua karibu nusu na mwanga unapita. Ila vining'inie kwenye nini? Boriti ya winchi ya zamani imeandikwa tani 5, lakini maandishi hayo ni ya enzi za winchi, kabla ya kutu. Hatutundiki hata taa mpaka mhandisi aipime. Na rangi yake ina madini ya risasi, ambayo vumbi lake ni sumu, kwa hiyo hakuna kupiga msasa mkavu.

Saa 7. Anakuja mzee mmoja aliyekuwa fundi mitambo humu ndani. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, mbona mnapaka mafuta?" Sielewi. Ananishika mkono hadi kona ambako praima ya sakafu, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza, imebanduka mara tatu. "Hapa palikuwa na mashine iliyovuja tangu siku ya kwanza." Zege lilinywa mafuta miaka yote hiyo, nasi tulikuwa tukimlaumu muuza praima! Basi gundi haitashika hapo. Tutatandika nailoni, tupange papi, yaani vipande vyembamba vya mbao, kisha mbao juu. Wacheza dansi watafurahi zaidi: zege tupu huwaumiza miguu.

Saa 9. Kikao na watakaolitumia jengo. Wapiga ngoma wanataka chumba chao, wachoraji wanataka sinki kubwa. Mama mmoja jirani ameuliza swali moja tu: vyoo vingapi, na mwenye kiti cha magurudumu ataingiaje? Jukwaa la kupakilia mizigo lina kimo cha sentimita 90. Kwa njia ya mteremko wa 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita 1 kila sentimita 12, urefu wake ni mita 10.8, bila kuhesabu sehemu bapa ya kupumzikia. Kwenye ramani nilikuwa nimechora mita 6. Nimenyamaza, nimeandika.

Saa 11 jioni. Uwanja wa nyuma watoto wanacheza mpira, na ndipo ramani inapoonyesha maegesho. Msanifu majengo Lina Bo Bardi alipokwenda kukiangalia kiwanda cha zamani cha mapipa kule São Paulo, Brazili, miaka ya 1970, alikuta familia zimeshakizoea, watoto wakikimbia na vijana wakisukuma mpira, akaamua maisha hayo yabaki. Ndicho leo SESC Pompéia, kituo cha utamaduni na michezo. Natoa penseli na kuyafuta maegesho. Malori ya vifaa yatapita wapi, kesho nitagombana na mhandisi.

Mpira umegonga mlango wa chuma. Nimehesabu. Bado sekunde 5.