Wazazi wako wangali hai?

Jana baada ya magharibi nilikaa darsani, msikiti wetu wa hapa Ngamiani, na mpwa wangu ubavuni. Nilimpeleka mwenyewe. Wiki ya pili sasa ananirushia video kwenye simu: vijana waliofunika nyuso, bunduki mabegani, na chini yake maneno makali. "Mjomba, hii ndiyo jihadi. Sisi tumelala tu." Ana miaka 17. Sikumgombeza. Niliingiwa na hofu, nikaona afadhali asikie kwa mwenye elimu kuliko kwa mtu asiyethubutu kuonyesha uso wake.

Nilikuwa nimemdokeza ustadhi mapema. Akaanzia kwenye neno lenyewe, kwamba jihadi na hii juhudi tunayoitaja kila siku ni za shina moja. Mtume (s.a.w.) alikaa Makka miaka 13, masahaba wakiteswa, na hawakuruhusiwa kuinua upanga. Lakini Suratul Furqan iliteremka huko huko Makka, na ndani yake Mtume anaamrishwa apambane na makafiri kwa Qurani, jihadi kubwa. Ruhusa ya kupigana ilipokuja walipewa waliodhulumiwa, na ikaja na mpaka wake: piganeni na wanaokupigeni, wala msivuke mipaka.

Kisha akasoma wasia wa Sayyidna Abubakar, khalifa wa kwanza, kwa jemadari wake, jeshi likielekea Sham, upande wa Syria ya leo. Msiue mwanamke, wala mtoto, wala mzee mkongwe. Waliojitenga kwa ajili ya ibada waacheni na ibada yao. Msikate mti wenye matunda. Msichinje kondoo wala ngamia ila kwa kula.

"Hata mti?" mpwa wangu akaninong'oneza.

Hata mti. Nilimwona anafikiri, na mimi pia nikawa nawazia video zile na masoko ambako mabomu hulipuliwa kati ya wauza nyanya. Mti una haki yake, mama aliyebeba kikapu anaikosaje?

Mengine ustadhi aliyapitia haraka: vita hutangazwa na kiongozi mwenye mamlaka, si kikundi cha watu kujikusanyia tu, na kwa kawaida ni faradhi ya kifaya, kama kumzika maiti, wakitosha wa kuitekeleza wengine imewaondokea. Adui akiivamia nchi, hapo hukumu hubadilika. Akasema pia kwamba ile kauli maarufu ya kurudi kutoka jihadi ndogo kwenda kubwa, wanazuoni wa hadithi wameitia udhaifu. Nilimpenda kwa ukweli huo. Hakuihitaji, kwa sababu alikuwa na hadithi ya Tirmidhi: mujahidi ni yule anayepigana jihadi na nafsi yake.

Mwisho akaleta hadithi ya Bukhari na Muslim. Mtu mmoja alimwendea Mtume akiomba ruhusa ya kwenda jihadini. Akaulizwa, "Wazazi wako wangali hai?" Akajibu ndiyo. Akaambiwa, basi fanya jihadi kwao.

Hapo macho yalinilenga machozi. Mama yangu mwaka wa tatu huu yuko kitandani, kiharusi kimemlaza upande wa kulia. Lazima ageuzwe kila baada ya saa chache, usiku na mchana, asije akatoka vidonda. Saa nane za usiku huniita kwa sauti ndogo, na ziko siku namsikia nikanyamaza kwanza, nikitamani mtu mwingine aamke. Nafsi yangu naijua.

Tuliporudi mpwa wangu hakwenda kwao. Akalala kwetu, mkekani. Usiku mama alipoita nilimkuta keshaamka kabla yangu. Nikamwonyesha: mkono mmoja chini ya bega, mwingine nyongani, tunahesabu tatu, tunamgeuza pamoja. Halafu khanga kavu, halafu mafuta kwenye visigino, kupaka polepole mpaka ngozi ilainike. Alipaka kimya, amekunja uso kama mtu anayeshona.

"Taratibu, mume wangu," bibi yake akamwambia.

"Inauma, bibi?"

"Haiumi. Na mguu huo mwingine."