Vipande vya tRNA nilivyoambiwa ni takataka

Kwa miezi kadhaa niliambiwa kwamba vipande vifupi nilivyoviona katika seli zilizotiwa arsenaiti ya sodiamu, sumu inayozitaabisha, ni mabaki tu ya RNA iliyooza. Ushauri huo ulinikera, kwa sababu RNA inayooza huacha ukungu wa urefu wa kila namna, ilhali jeli yangu, inayotenganisha RNA kwa urefu, ilionyesha mstari mwembamba kati ya nyukliotidi (vijenzi vya RNA) 30 na 40, yaani takriban nusu ya tRNA, RNA ndogo inayoleta asidi amino protini inapotengenezwa, ambayo huwa na nyukliotidi kama 76. Kinachokatwa mahali palepale kila mara kina mkataji wake, na hapa mkataji mkuu ni angiogenini, kimeng'enya kinachoipasua tRNA kwenye kitanzi cha antikodoni (sehemu yake inayosoma ujumbe wa jeni) seli inapotaabika.

Mkisafisha RNA za namna hii, msitumie vichujio vya kawaida vya silika, kwani huziacha RNA fupi zipite. Nilipoteza sampuli nyingi kwa njia hiyo.

Lakini kilichonitesa hasa ni kusoma mfuatano wake. Majibu ya kwanza yalijaa mikroRNA, yaani RNA fupi za aina nyingine, na nusu za tRNA hazikuwamo, ingawa jeli ilizionyesha waziwazi. Nilirudia mara tatu kwa vitendanishi vipya, fedha nyingi zikateketea, hadi nilipozitazama ncha zenyewe: angiogenini huiachia nusu ya kwanza fosfeti iliyojifunga duara kwenye ncha ya 3′, na nusu ya pili huikosesha fosfeti kwenye ncha ya 5′, kwa hiyo adapta, vipande vinavyounganishwa kwenye ncha ili mfuatano usomwe, hazina pa kushika. Niligawa RNA ileile katika mirija miwili, mmoja nikautia kinasi ya T4, kimeng'enya kinachozirekebisha ncha zote mbili, na mwingine nikauacha ulivyo. Mrija wa kwanza ulifurika nusu za tRNA. Wa pili ulibaki kama zamani. Siku hiyo nilijivunia kazi yangu kwa haki.

Ilibaki kujua kama vipande hivyo huzuia kweli utengenezaji wa protini. Mwaka 2011 Pavel Ivanov na wenzake walikwisha kuonyesha kwamba nusu ya kwanza ya tRNA ya alanini, inayoanza na guanini (mojawapo ya herufi nne za RNA) kadhaa mfululizo, huling'oa kundi la protini liitwalo eIF4F kutoka kwenye kofia, yaani ncha ya mwanzo, ya mRNA, RNA inayobeba maagizo ya protini, hivyo ribosomu, mitambo inayotengeneza protini, hukosa pa kuanzia. Niliingiza nusu hiyo katika seli zisizo na taabu yoyote, na katika seli nyingine nikaingiza ile niliyoibadilisha guanini zake, kisha nikapima protini mpya kwa puromaisini, dawa inayojishikiza kwenye protini zinazotengenezwa. Alama ya puromaisini ilififia katika seli za kwanza peke yake.