Sindano za Kufumia Kutoka Kando ya Ziwa
Hapa Mwanza, mafunjo yanayoota kando ya ziwa huwavutia wanaotafuta sindano za kufumia za asili, lakini mashina yake yana kiini laini kama sifongo, hivyo hupinda mara vitanzi vya uzi vinapoongezeka. Mimi napendelea mwanzi mkavu, ambao hupasuliwa kwa kufuata nyuzi zake, huchongwa kwa kisu hadi unene uwe sawa, kisha husuguliwa kwa msasa mpaka uzi wa sufu uteleze bila kukwama. Unene ndio unaoamua ukubwa wa kila kitanzi. Mwiba wa nungunungu ni mwepesi na unapendeza mno, ila hukonda kuelekea nchani. Tena kisheria ni nyara, yaani sehemu ya mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inadai kibali cha kuwa nayo, kwa hiyo nawasihi wafumaji wenzangu wauache porini.