Mgagani Kando ya Mto Lukuledi

Mvua za kwanza zinapotunyeshea huku Ndanda, kusini mwa Tanzania, mara nyingi kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, mgagani huota mahali ambapo hakuna mtu aliyeupanda: pembezoni mwa zizi la mbuzi, kwenye jalala la zamani, katikati ya mistari ya mahindi. Bibi yangu alikuwa akipalilia shamba lote na kuuacha huo peke yake, kwa sababu ndio uliokuwa mboga yetu kabla kunde hazijatoa majani ya kuchumwa. Tatizo ni kwamba mgagani wa kujiotea huwahi kutoa maua na kukomaa, na baada ya wiki chache hauna tena jani laini. Kwa hiyo, kwa misimu mitatu sasa, nimekuwa nikiupanda kwenye matuta.

Anayeutazama kwa makini ataona undugu wake na haradali, kabichi na sukuma wiki. Ua lake jeupe, wakati mwingine lenye wekundu hafifu, lina petali nne na stameni sita (vijiti vya kiume vinavyobeba chavua) kama ua la haradali, na maganda yake ni marefu na membamba vilevile. Hata uchungu wake unatokana na kemikali za kundi la glukosinolati, ambazo ndizo zinazoipa haradali ukali. Zamani wataalamu waliuweka mgagani katika familia nyingine, lakini uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba familia yake, Cleomaceae, ndiyo iliyo karibu zaidi na ile ya haradali. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliuita Cleome gynandra mwaka 1753, neno la pili likimaanisha kike na kiume pamoja, akizingatia jinsi stameni zinavyoonekana kuchomoza kwenye kikonyo kilekile kinachobeba ovari. Mimi napenda zaidi jina lake jingine la Kiswahili, mkabilishemsi, yaani unaolikabili jua.

Jina hilo linaustahili. Mgagani hufanya usanisinuru kwa njia inayofanana na ya mahindi, mtama na mua: hukusanya hewa ya ukaa kwanza katika seli za nje za jani, kisha huipeleka kwenye seli zinazouzunguka mshipa, hivyo kwamba hata jua linapowaka na matundu ya jani yanapofumba ili kuokoa maji, kazi ya kutengeneza chakula huendelea vizuri. Kabichi na sukuma wiki hazina uwezo huo, na ndiyo maana hunyauka mapema katika joto letu. Hata hivyo, mgagani hauvumilii maji yanayotuama. Tuta langu la chini kabisa, lililo karibu na mfereji, liliwahi kugeuka manjano na kufa lote.

Msimu wa kwanza nilikosea katika mbegu. Nilizikusanya Machi, nikazisia wiki ileile, na hazikuota karibu zote. Baadaye nilijifunza kwamba mbegu mpya za mgagani hulala bila kuota kwa miezi kadhaa baada ya kuvunwa, na kwamba mwanga huzizuia kuota, kwa hiyo hazifai kumwagwa juu ya udongo kama wengi wanavyofanya na mchicha. Sasa nazihifadhi mahali pakavu hadi msimu unaofuata, nazichanganya na mchanga ili zisirundikane, kisha nazisia katika mistari yenye nafasi ya sentimita 30 na kuzifunika kwa udongo wa takriban sentimita moja. Samadi iliyooza vizuri inatosha kabisa.

Kazi kubwa iko kwenye kuchuma. Mmea ukifikia urefu wa shubiri moja hivi, nakata ncha yake ili utoe matawi ya pembeni, na kila ninapoona shada la maua nalivunja, maana mgagani ukishaanza kuzaa mbegu majani yake hupungua na kukomaa. Nyumbani tunayachemsha, tunamwaga maji ya kwanza, kisha tunayaunga kwa karanga zilizotwangwa na kuyala kwa ugali wa muhogo.

Mimea sita mizuri kabisa siichumi hata jani. Hiyo ndiyo ya mbegu, na maganda yake navuna yakiwa yameanza kuwa manjano, kwani yakikauka shambani hupasuka na kumwaga mbegu zote chini. Nayaanika juu ya kitambaa kivulini, nayapukuchua kwa mkono, na mbegu zake nyeusi naziweka ndani ya chupa yenye mfuniko, niliyoiandika mwezi na mwaka.