Swali la shangazi

Shangazi hajanitoka kichwani. Wiki hii hapa maabara Rehema ametetea tasnifu yake akapita na leza mpya imefungwa, ila mimi bado niko kwenye ile simu ya Jumapili, nilipomweleza kuhusu fuwele nyembamba ya kloridi ya rutheni tunayoipoza.

“Kwa hiyo mmeipoza kote huko, na sumaku haijawa?”

“Haijawa, shangazi.”

“Sasa si mmeshindwa?”

“Hapana, hicho ndicho tunachokitafuta.”

Akanyamaza kidogo. “Haya mwanangu, mradi u mzima.”

Ile iodidi ya kromi iliyotangazwa 2017 aliielewa papo hapo: tabaka moja tu, nayo ikawa sumaku chini ya kelvini 45 hivi (kama nyuzi −228 za Selsiasi). Alifurahi kwelikweli. Mimi namletea kloridi ya rutheni, ambayo tunaipenda kwa kile inachoweza kukataa kukifanya.

Nimemjibu upya nikiosha vyombo, nikipanda ngazi, nikingoja kipozeo kishuke. Ningemwambia kila atomi ya rutheni ina majirani watatu, na kila jirani anaivuta spini yake, ile sumaku ndogo ya atomi, kwenye mhimili tofauti. Haiwezi kuwaridhisha wote. Mwanafizikia Kitaev alionyesha mwaka 2006 kwamba spini za aina hiyo hazijipangi hata baridi ifikie wapi. Zinaendelea kuyumba, zote zimefungamana kikwanta, moja huwezi kuieleza bila nyingine. Hali hiyo ndiyo tunaiita kimiminika cha spini. Na kloridi yetu ni kaidi: ikifika kelvini 7 hivi inajipanga, mpaka uiwekee uga wa sumaku wa tesla 7 au 8 ndipo mpangilio uvunjike. Kinachobaki hapo, watu wanakibishania mpaka leo.

Jana usiku nilikuwa nikitazama spektra ya Raman, yaani mchoro wa mwanga wa leza uliotawanywa na kipande chetu, ule mwinuko mpana usio na kilele, ndipo nikamsikia tena. Sasa si mmeshindwa? Nikaacha kuumia. Mpangilio ukikosekana, utajuaje ni kazi ya kwanta na si tabaka zilizoteleza tulipokuwa tukizibandua? Nyutroni, ambazo kwa kawaida ndizo huonyesha mpangilio wa spini, hazitusaidii, kipande ni chembamba mno kwao. Ndiyo maana tunahangaika na mwanga, na kasoro za almasi zinazohisi uga dhaifu. Shangazi aligusa pale pale panapotukosesha usingizi, tena bila kusoma hata ukurasa mmoja wa fizikia. Jumapili nitamwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Mwenzetu Baraka bado anakohoa. Anasema kesho atakwenda kupima, na wiki iliyopita alisema hivyo hivyo.